MREJESHO: Mama amechanjwa, Baba bado

Assalam aleikum wapendwa. Aprili 2021 niliuliza hapa kama Mama, miaka 64 na ana sukari na presha, achanjwe chanjo ya korona ya AstraZeneca au angoje, maana habari za damu kuganda baada ya sindano hiyo zilitutisha hapa Malindi nyumba nzima. Ahsanteni mlionijibu, hata mlionigombeza.

Nilifuata ushauri wa dada muuguzi: tupime hatari zote mbili, si ya sindano pekee. Kuganda kule ni nadra mno, na huonekana zaidi kwa vijana kuliko watu wa rika lake. Korona kwa mwenye sukari ni jambo jingine kabisa. Akaniandikia pia dalili za kuangalia wiki 4: kichwa kikali kisichotulia, mguu kuvimba, kifua kubana. Nikaibandika karatasi kwenye friji.

Basi Mama akachanjwa. Usiku wa kwanza homa na baridi, mkono hauinuki. Panadol na uji, siku ya 2 kutwa amelala. Ya 3 akaamka akiulizia mahamri. Hakuna jengine lililotokea.

Dozi ya pili ndiyo iliyotutoa jasho. India, zilikotengenezwa chanjo zetu, ilizuia zisiuzwe nchi za nje, zikaadimika. Wiki 8 tulizoambiwa zikapita, akaja kuipata Julai, baada ya safari 3 za tuktuk bure. Hiyo haikumpa homa.

Baba nimeshindwa. Karatasi ya friji aliisoma, akasema dalili zote hizo anazo tangu zamani.