Yule wa mwavuli pale Mkoani, kidole changu utakijibia kwa Mungu!

Mtu wa Kikwajuni
Asalaam alaykum wadau. Naandika nikiwa ndani ya gari ya Chake, mikono inanitetemeka, na si kwa sababu ya barabara. Yule kijana anayesajili laini nje ya bandari ya Mkoani mnamjua. Mtu yeyote aliyeshuka boti pale akiwa na pumzi anamjua. Jina silitaji, kampuni siitaji, hata rangi ya mwavuli siitaji maana mtaing'amua papo hapo. Huyu bwana leo kanipaka jasho lake. Jasho. La kwake. Kwenye kidole changu mie, mtoto wa watu.

Ngoja nishushe pumzi.

Asubuhi pale Malindi, kwenye msukumano wa kupanda boti, simu yangu imekwenda. Haya, mwizi naye ana watoto, nshamwachia Mungu. Lakini ile laini ndo yenye hela yangu yote ya safari, na safari yenyewe si ya kuja kuogelea, nimekuja kuposa Wete. Nikashuka Mkoani, nikanunua kitochi kwa vijisenti vya mfukoni, nikamwendea huyu mheshimiwa: nataka kurudisha laini yangu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nnayo kichwani. Akaniuliza namba nnazozipigia sana. Ikabidi niitaje ya mama, kisha ya huyo binti, mbele ya kaka yake aliyekuja kunipokea. Kaka mtu akanitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi. Hilo nimesamehe.

Kisha: "Weka kidole." Nikaweka. Mashine imekataa. "Futa, weka tena." Imekataa. Gumba, cha shahada, cha kati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, vikabaki vya miguu tu. Jua la saa saba linachoma, foleni nyuma yangu mkia wake umeingia baharini. Yule kijana akaguna, akanikamata mkono kama daktari wa mifugo, akakinyanyua kidole changu na kukisugua kwenye KIPAJI CHA USO WAKE. Kutoka nyusi hii mpaka nyusi ile. Akakipeleka kwenye mashine kinameremeta.

Na mashine ikakubali!! Wallahi ikakubali. Sasa nauliza, laini iliyosajiliwa pale ni yangu au ni yake?

Hajamaliza. Akapaza sauti akasikika mpaka kwa nahodha: "Vidole vya mtu wa mjini hivi, havina hata alama!" Watu wakaangua kicheko. Shemeji mtarajiwa ndo akacheka mpaka akakaa chini.

Mie mwenyewe nna kipaji. Tena nna komwe, kila anayenijua anajua. Kama kilichotakiwa ni mafuta ya uso si angesema nijipake yangu? Kwa nini lake? Kwa nini jasho lake?

Laini inafanya kazi, namba ya siri nimepiga 100 nimebadilishiwa, hela imo. Tatizo si laini. Nishaurini niende wapi: TCRA wanaosimamia mawasiliano, polisi, au kwa sheha wa mtaa?

Karafuu Mbichi
Siti ya mbele nimeshakaa na njugu zangu. Endelea mkuu, akakisugua wapi vile?

Mtu wa Kikwajuni
Kipajini! Chake!

Karafuu Mbichi
Ahsante. Nilitaka kusikia tena tu.

Binti Tumbe
Kaka, muombe radhi haraka huyo kijana. Mama yangu mkulima wa mwani, maji ya chumvi na kamba zimemla vidole mpaka vimekuwa vitupu. Ile Januari 2020 walipoanza kuzima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, mama alitoka hewani, tunapiga hapatikani, tukadhani yamemkuta. Kila mashine ilimkataa. Ni huyo huyo wa mwavuli aliyemsajili, na ni kwa jasho hilo hilo. Nyumbani kwetu anaombewa dua.

Mtu wa Kikwajuni
Sasa dada, mama kaliwa vidole na mwani. Mie nimeliwa na nini?

Binti Tumbe
Na uvivu.

Papasi Mstaafu
Nyie mnalia kidole kimoja, njooni Nungwi mlie na mie. Wageni wangu kila siku suali moja: "Nikivuka kwenda Pemba ninunue laini nyingine?" Namwambia yakhe, ni +255 ile ile, laini ya Darajani inashika mpaka Kigoma. Haamini, ananunua mbili. Wa juzi nimemshusha Darajani, wakala anataka pasipoti, maana mgeni anasajiliwa kwa pasipoti. Iko wapi? Hotelini, Nungwi. Turudi Nungwi, twende tena Darajani, mafuta yangu, jasho langu (samahani mleta uzi). Na hawa wa siku hizi ndo balaa, wanakuja na laini ya hewani isiyo na kadi wala namba, ina intaneti basi. Anaperuzi vizuri, kufika kwenye kumlipa dereva wa taksi kwa simu anaanza kunitazama mie. Unalipaje kwa simu, mzee, na namba huna?

Mzee wa Mofa
Mleta uzi achana na jasho kidogo, nikuulize kitu cha maana. Hivyo vidole ulivyoweka kimoja kimoja, mashine ilikuwa inakataa kweli? Kuna mawakala kila ukiweka kidole "imekataa", kumbe kila kidole laini moja imesajiliwa kwa jina lako, keshokutwa inatumiwa kutapelia watu, na polisi wanakuja kwako wewe. Bonyeza *106# sasa hivi uone namba zilizo kwenye jina lako.

Mtu wa Kikwajuni
Ya Rabi. Nabonyeza.

Mtu wa Kikwajuni
Ipo moja, yangu. Kwa hiyo mashine ilikuwa inakataa kweli. Hili limeniuma zaidi.

Baba Watatu
Hiyo *106# msiibonyeze mbele ya mke. Mie niliibonyeza nikakuta kuna laini siijui wala sijapata kuisajili, mama watoto anachungulia begani. Nikamweleza habari za mawakala matapeli. Akanijibu vizuri tu: "Huyo wakala anaitwa nani, na anakaa wapi?"

Karafuu Mbichi
Na anaitwa nani?

Baba Watatu
Na wewe!!

Bi Mkubwa wa Jambiani
Afadhali nyie mna matapeli wa kujificha. Mie kutwa napokea meseji "ile hela itume kwenye namba hii jina litakuja la fulani". Hela ipi? Nna hela mie? Nikiwa na hela nitakaa nasoma nyuzi za vidole?

Mzee wa Mofa
Bi Mkubwa, meseji hizo zitume kwenda 15040, namba ya tapeli inashughulikiwa.

Bi Mkubwa wa Jambiani
Nilimtumia hiyo 15040, kisha nikamjibu na tapeli mwenyewe: "Mwanangu nitumie kwanza nauli nije nikupe mkononi." Akanizuia yeye mimi. Tapeli!

Sifuri Saba Saba Saba
Mimi ningependa kukumbusha kwamba haya yote yalianza tulipoachia mambo yetu. Nna 0777 tangu enzi za Zantel, kampuni iliyoanzia hapa hapa Zanzibar 1999. Ukipigiwa na 0777 ulijua huyu wa nyumbani, unapokea kabla haijaita. Leo jina lenyewe limekwisha, tangu 2024 wanaitwa Yas. Siku hizo laini unanunua, unatia kwenye simu, unaongea. Hakuna kidole, hakuna kipaji.

Papasi Mstaafu
Siku hizo mzee ukipiga simu ya dakika moja ulikuwa unauza kuku kwanza. Usitupambe.

Dagaa la Makunduchi
Hakuna anayeongelea mawakala wa kuweka hela kwenye simu? Nimezunguka Makunduchi nzima wimbo mmoja: "Floti imeisha," yaani salio la wakala la kukuwekea halipo. Bado ile tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 haijanitoka moyoni. Nilikuwa namtumia mama hela ya samaki, inafika ya miba.

Binti Tumbe
Mleta uzi posa imefikia wapi?

Mtu wa Kikwajuni
Tunaingia Chake. Kaka mtu hajanisemesha tangu Mkoani, ila kila tukipita mti anatazama dirishani mabega yanamtikisika. Hivi punde kapiga simu nyumbani. Sikumsikia vizuri ila nimelisikia neno "kipaji". Yule kijana kaniharibia nyumba hata sijaingia! Na hakukifuta kidole kwa kitambaa, wadau, nilisahau kuwaambia hilo, meza yake ina kitambaa, kipo pale kinaning'inia, kikavu, kisafi, yeye akaona bora jasho.

Mpemba Halisi
Wapemba hujuana kwa vilemba. Nyie wa Unguja tutaanza kuwajua kwa vidole.

Mtu wa Kikwajuni
Heshima ndugu yangu, mie ni mgeni wenu.

Mpemba Halisi
Mgeni karibu. Ila kusema kweli Unguja mnalalamika sana. Simu ikizima chaji kidogo tu, uzi. Mashine ikikataa kidole, uzi. Mngeishi Pemba ile ya zamani mngefungua nyuzi za kuni.

Sifuri Saba Saba Saba
Unatuambia sisi habari ya chaji? Wewe ulikuwepo Unguja Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika? Kisiwa kizima giza. Simu zikipelekwa kuchajiwa kwenye maduka yenye jenereta, zinafungwa karatasi yenye jina. Nimewahi kurudishiwa simu ya mtu mwingine, nikapokea simu ya mkewe, nikagombezwa mie.

Baba Watatu
Uligombezwa kwa lipi? Tusaidiane, yasije yakanikuta.

Mpemba Halisi
Miezi hiyo sisi majenereta yetu ya Wesha yalikuwa yananguruma, tunachaji simu, tunatazama mpira, tunawaonea huruma.

Mzee wa Mofa
Wesha gani hiyo? Ile iliyokuwa ikiwasha Chake leo, Wete kesho, Micheweni mpaka ukumbukwe?

Mtu wa Kikwajuni
Wadau mada ni kidole jamani. Nimeuliza TCRA au sheha.

Mpemba Halisi
Mzee wa Mofa nakuheshimu kwa umri tu. Mgao ulikuwepo, giza la miezi halikuwepo. Zipo tofauti.

Dagaa la Makunduchi
Mbona waya wa kutoka Tanga ulipowafikia 2010 mlishangilia? Kama Wesha ilikuwa tamu mngeukataa. Siku ya pili tu Pemba nzima imejaa madukani inatafuta friji.

Mpemba Halisi
Friji nilikuwa nayo kabla ya waya. Ya mafuta ya taa. Njoo Chake uione, mpaka leo inagandisha kuliko ya kwako, na wala haiulizi umeme umekatika au umerudi.

Bi Mkubwa wa Jambiani
Hiyo friji ya mafuta ya taa unaiuza?