Kipandauso: tangawizi, kanga kichwani, chuku au vidonge? Naomba tulinganishe

MwalimuWaChaki (Tanga)

Wadau, habari za jioni. Nina kipandauso tangu kidato cha pili, na sasa nina miaka 34. Maumivu hukaa nyuma ya jicho la kushoto, yanapiga kama mchi kinuni. Kabla hayajaja naona mistari ya kupindapinda inayowaka, halafu sehemu ya ninachokitazama inapotea. Juzi niliandika "mazingira" ubaoni, nilipolitazama neno nikaona "mazi" tu. Nikamwachia kiranja darasa, nikaenda kulala sakafuni kwenye stoo ya vitabu, maana ndipo pasipo na dirisha. Baada ya nusu saa mistari ikaisha, kichwa kikaanza.

Nyumbani kila mtu ana dawa yake. Mama mkwe hunifunga kanga kichwani akakaza sana, kisha ananipaka mafuta ya karafuu kwenye paji. Jirani anataka nikapige chuku, yaani nichanjwe kwa wembe na damu ivutwe kwa pembe. Mimi mwenyewe nameza Panadol, isiposaidia nameza diklofenaki. Zahanati nikifika natobolewa kidole kupimwa malaria. Mwaka jana nilipewa dawa mseto mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kipimo kilionyesha sina malaria.

Naomba tulinganishe kwa haki. Kipi kinatibu kweli, kipi kinatuliza tu, kipi kinaumiza? Sitaki kuambiwa nitupe vya nyumbani vyote, wala niache hospitali.

BintiUnguja

Pole sana dada, mimi mwenzio. Kwangu tangawizi inasaidia kichefuchefu kuliko kichwa chenyewe. Nasaga mbichi, natia maji ya moto, nakunywa mapema kabla tumbo halijakataa kila kitu. Nikichelewa natapika tu. Kanga nayo naijua, inapobana maumivu yanapungua, ukiifungua yanarudi.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kuijua kahawa yangu. Kila Ramadhani siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa naanguka alasiri, nikidhani ni njaa. Kumbe nilikuwa nimezoea vikombe vitano sita vya kahawa chungu kwa siku, halafu ghafla sinywi hata kimoja tangu alfajiri hadi magharibi. Sasa Shaabani ikiingia napunguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, na daku siiachi hata nikiwa na usingizi gani. Miaka miwili sasa sijalala kitandani mwanzo wa mfungo.

Mfamasia_Moshi

Mwalimu, pole. Niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa mwaka wa 11 huu, na kipandauso kinanisikitisha kuliko maradhi mengi, kwa sababu watu wananunua dawa sahihi, kwa kipimo pungufu, wakiwa wamechelewa.

Nianze na kuchelewa. Kipandauso kikishika, tumbo nalo hulegea kazi. Kidonge ulichomeza saa mbili baadaye kinakaa palepale, hakisogei, kisha unakitapika na kusema dawa haina nguvu. Ndiyo maana daktari wakati mwingine huongeza metoklopramidi: inazuia kutapika na inalisukuma tumbo lifanye kazi ili dawa ya maumivu ipenye. Na kipimo: Panadol moja ya miligramu 500 kwa mtu mzima mwenye kipandauso ni ndogo. Iliyoonekana kusaidia ni miligramu 1000 kwa mara moja. Aspirini ni 900 hadi 1000, ibuprofeni, ambayo wengi wanaiita Brufen, ni 400. Brufen usiichanganye na diklofenaki. Ni ukoo mmoja, na madhara yao kwa tumbo na figo yanajumlishana. Mwenye vidonda vya tumbo asizimeze hizo bila daktari. Na kichwa kikija pamoja na homa, aspirini na ukoo wake viache kwanza hadi ijulikane kuwa si dengi. Dar walishaona milipuko yake mwaka 2014 na 2019, na dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Zikishindwa hizo, kuna sumatriptani. Hii imetengenezwa kwa kipandauso hasa, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Inamezwa maumivu yanapoanza, si wakati wa ile mistari inayowaka. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, kwa hiyo inaandikwa na daktari. Mijini inapatikana, vijijini ni taabu kuipata, na hilo linaniuma.

Sasa vya nyumbani. Tangawizi isidharauliwe. Kuna utafiti wa Iran uliochapishwa 2014, watu 100: nusu walipewa unga wa tangawizi miligramu 250, nusu sumatriptani 50, na baada ya saa mbili nafuu ilikaribiana. Upungufu wake ni kwamba hapakuwa na kundi la tatu lililopewa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, hivyo hatuwezi kujua nafuu ipi ilikuja yenyewe. Na watafiti wa Brazil walipojaribu tangawizi kila siku ili kuzuia kipandauso, haikushinda kidonge kitupu. Kwa hiyo tangawizi ni ya siku ya shambulio, hasa kwa kichefuchefu. Si ya kunywa miezi mitatu ukingojea ugonjwa ukome.

Ya mama mkwe nayaheshimu, ila nayabadilisha kidogo. Kanga ilowe kwanza kwenye maji ya baridi kabisa, na iwekwe shingoni pia. Hawaii walijaribu kitambaa cha barafu shingoni mwanzo wa shambulio, mwaka 2013, na maumivu yalipungua. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza ngozi, na yakiingia jichoni ni balaa jingine. Yachanganye na mafuta ya nazi, au tumia ya mnanaa.

Swali langu kwako: kwa mwezi unameza dawa za maumivu siku ngapi? Usikisie. Hesabu.

ChukuNaSiha (Kibaha)

Bwana mfamasia, chuku umeiruka. Mimi ni mpigaji, na baba yangu alikuwa mpigaji. Nimewaona watu wameingia wameshika kichwa wakatoka wanacheka. Hamuwezi kusema ni bure kwa sababu tu hamkuisoma chuoni.

Mfamasia_Moshi

Mzee wangu, sikusema ni bure. Watu wanalala, wanatulia, wanashikwa na mikono ya mtu anayewajali, na kipandauso nacho huisha chenyewe ndani ya saa 4 hadi 72. Tafiti za chuku kwa kipandauso ni chache na nyingi zimefanywa kwa namna dhaifu, kwa hiyo siwezi kumshauri mwalimu aitegemee. Ila wembe ndio naomba tusielewane vibaya hata kidogo: uwe mpya, umefunguliwa mbele ya mteja, na utupwe palepale. Homa ya ini ya B inaambukizwa kwa damu kidogo sana.

ChukuNaSiha (Kibaha)

Hapo kwenye wembe tuko pamoja. Kwangu ni mpya kwa kila mtu, na wasiofanya hivyo wanatuharibia kazi.

Mkimbiaji_Iten

Hamjambo. Niongeze upande wa kuzuia, maana hapa wote wanaongea juu ya kuzima moto. Mimi nilikuwa nashikwa mara sita, saba kwa mwezi. Daktari akanianzisha propranololi, ile ya presha. Kichwa kilipungua lakini miguu ikawa mizito, moyo haupandi nikikimbia mlima. Akaniuliza pia kama nina pumu, kwa sababu mwenye pumu hapewi. Tukabadilisha, nikapewa amitriptilini miligramu 10 usiku. Nilipoona kwenye karatasi imeandikwa ni ya sonona niliogopa, nikadhani amenificha kitu. Akanieleza kwamba kwa kipimo kidogo inatumika kutuliza mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu. Mdomo hukauka asubuhi, na usingizi unakuwa mzito. Ilichukua kama wiki sita nikaona tofauti.

Na mazoezi yenyewe ni dawa. Uswidi walilinganisha watu waliofanya mazoezi dakika 40 mara tatu kwa wiki na waliomeza topiramati, ambayo ni dawa ya kuzuia, na mashambulio yalipungua karibu sawasawa. Utafiti huo ulichapishwa 2011. Anza polepole tu, kwa sababu kukimbia kwa nguvu ghafla kunaweza kukuamshia kipandauso.

MkungaMstaafu (Mwanza)

Mwanangu mwalimu, wote wamekuuliza vya kichwa, hakuna aliyekuuliza vya uzazi wa mpango. Unatumia nini?

Nauliza kwa sababu ya hiyo mistari inayowaka. Mwanamke mwenye kipandauso cha namna hiyo hatakiwi kumeza vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kwa sababu estrojeni iliyomo inaongeza hatari ya kiharusi juu ya ile ndogo anayokuwa nayo tayari. Akivuta sigara au presha ikiwa juu ndiyo zaidi. Zipo njia nyingine: lupu ya shaba haina homoni kabisa, na vipo vidonge vya homoni moja na kijiti. Kama unatumia vile vya mchanganyiko usingoje, nenda kliniki wiki hii wakubadilishie, ili usibaki bila kinga.

Na wanaosoma wengine: kichwa kilichopasuka ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo ngumu, mkono au mguu kulegea, kichwa kipya baada ya miaka 50, kichwa kikali wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, au kichwa kisichoisha kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI: hapo hakuna tangawizi wala kanga. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

MwalimuWaChaki (Tanga)

Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili mikono ikitetemeka. Ndiyo, natumia vya mchanganyiko, mwaka wa pili. Kwenye kliniki niliulizwa kama nina presha na kama navuta sigara. Kuhusu macho hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kama ni jambo la kusema. Nakwenda kesho baada ya kipindi cha nne.

Mfamasia, nimehesabu. Nimetoa maganda yote kwenye droo na mkoba, nikapanga kwa kalenda ya shule. Mwezi uliopita ni siku 17.

Mfamasia_Moshi

Asante kwa ukweli huo. Panadol, Brufen au diklofenaki zikifika siku 15 kwa mwezi, mfululizo wa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huanza kuzalisha maumivu ya kichwa. Kwa sumatriptani na vidonge vya maumivu vyenye mchanganyiko wa dawa (si vile vya majira) mpaka ni siku 10. Kupunguza kunauma, mara nyingi wiki moja hadi mbili za mwanzo kichwa kinazidi, kwa hiyo fanya pamoja na daktari, akupe na ya kuzuia. Mwonyeshe hayo maganda. Yanamwambia mengi kuliko maelezo.

Vitamini B2 nayo mwulize, miligramu 400 kwa siku. Wabelgiji waliijaribu mwaka 1998 na ikapunguza mashambulio, ila inahitaji miezi mitatu. Mkojo utakuwa wa manjano sana, usiogope.

MwalimuWaChaki (Tanga)

Wadau, nimerudi baada ya wiki tisa. Lupu niliwekewa wiki ileile. Daktari alisikiliza, akachora ile mistari niliyomweleza na kuniuliza kama ndivyo, na ndivyo ilivyokuwa. Nameza propranololi usiku na asubuhi. Wiki mbili za kuacha vidonge vya maumivu zilikuwa ngumu, siku nne sikwenda kazini. Mwezi huu daftari linaonyesha mashambulio matatu, na siku tatu za dawa. Mara zote tatu nilimeza Brufen mbili za 200 na metoklopramidi mara tu kichwa kilipoanza, na mashambulio mawili yaliisha kabla ya masaa matatu kupita.

Tangawizi nakunywa. Mama mkwe bado ananifunga kanga, ila sasa anaitoa kwenye ndoo yenye barafu anayonunua kwa muuza samaki, na analala na mimi chumbani pazia limefungwa mpaka nikilala usingizi.

BintiUnguja, nina swali: chai ya maziwa nayo niipunguze kabla ya Ramadhani, au ni kahawa tu?

BintiUnguja

Na chai pia, dada. Anza mapema. Na kwa kuwa wewe unameza propranololi, umwulize daktari saa za kuimeza kati ya futari na daku.