Maabara za Mombasa, acheni kumpa mama wa usafi jiki akamwage kwenye taka za guanidini!

Jamani, leo nimekasirika mno. Maabara ninayofanya kazi iko hapa hapa Mombasa, jina naliacha. Mchana mama yetu wa usafi ametoka chumba cha kutolea RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni) kwenye sampuli, anakohoa, macho mekundu, kajishikilia ukutani. "Mwanangu, kifua chanibana." Alipewa chupa ya jiki akaambiwa aimimine kwenye dumu la taka "kuua virusi". Madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Dumuni mlikuwa na kemikali iitwayo guanidini thayosianeti. Wenye kazi hii twaijua: ndiyo inayopasua seli na kuvuruga protini, hata vile vimeng'enya vinavyoitafuna RNA vikaishiwa nguvu. Ili kutoa RNA, wanasayansi Chomczynski na Sacchi waliichanganya na fenoli na klorofomu mwaka 1987, Boom na wenzake wakaitumia pamoja na silika mwaka 1990, na vifurushi vingi vya leo (kits, seti za dawa za kutolea RNA) bado vinaitegemea. Sina ugomvi nayo. Lakini ikikutana na jiki hutoa gesi za sumu, sianidi ikiwemo. Asidi nayo ni hatari kwake vilevile.

Onyo limeandikwa kwenye boksi la kifurushi, kwa Kiingereza, herufi ndogo, na boksi lenyewe lishatupwa kitambo. Huyu mama angelisoma wapi?

Namuuliza msimamizi, ananijibu: "Si wakati wa korona tulitumia jiki kila mahali?" Wallahi nilitetemeka. Jiki ya kupangusa meza ni sawa. Ila vifurushi vingi vya korona navyo vilijaa guanidini hii hii! Ni wasafishaji wangapi wa Pwani walivuta hewa ile wakaambiwa ni mafua?

Taka za guanidini ziwe na dumu lake, lenye kifuniko, zichukuliwe kama taka za kemikali. Ikimwagika, vaa glavu, inyonye kwa karatasi, osha kwa maji na sabuni mpaka iishe kabisa. Kama sampuli ilikuwa na vijidudu, jiki ije baada ya hapo, kamwe si kabla. Na mtu wa usafi afundishwe kwa Kiswahili, siku ya kwanza, kabla hajashika ndoo.

Nimeshabandika karatasi kwenye kila dumu: USIMWAGE JIKI HUMU. Msimamizi akiibandua, nabandika nyingine. Walio maabara nyingine huku Pwani, kwenu taka hizi zinaenda wapi, na nani anazimwaga?