Wanaouza onlaini wakiwa nyumbani tupeane uzoefu, hela inavujia wapi?

Mama Tabata
Habari za jioni wapendwa. Naombeni tupeane uzoefu kwa wale tunaouza vitu onlaini tukiwa nyumbani, iwe nguo, chakula, chochote. Ila tusije na zile stori za "nilianza na elfu hamsini leo nina gari", hizo zimejaa Insta. Mi nataka kujua hela inavujia wapi, maana watu wanafundishwa kupiga picha na kuposti tu, ile safari ya kuanzia mteja anaposema "naitaka" mpaka mzigo umfikie na hela iingie hakuna anayeisema na ndo penye shughuli.

Naanza mimi. Nachukua madera Kariakoo kwa jumla, naweka statasi. Dera la elfu 12 naliuza 18, mtu akisikia anaona elfu 6 nzima faida. Sasa sikia. Mteja yuko Mbezi Beach, boda toka huku kwetu anataka elfu 7, mteja atalipa vyote mzigo ukifika. Boda kafika getini, simu haipokelewi. Baadae inapokelewa, yupo saluni, mwachie mlinzi hela natuma. Boda ananipigia, dada nisubiri au niondoke, na huko kusubiri nako anakuhesabia. Mwisho bibie katokea, kalifungua dera pale pale juu ya siti ya pikipiki, kalitandaza, "mbona kwenye picha kijani yake ilikuwa imekolea?" Halitaki. Boda karudi nalo, elfu 7 ya kwenda na ya kurudi zote juu yangu, na dera lenyewe limeshashika vumbi kwenye pindo. Faida ya madera mawili kwisha habari yake.

Siku hizi nauli ya boda inatangulia na hairudi hata ukilikataa. Waliochukia wakaondoka, sawa tu. Picha napigia mlangoni mchana bila filta, na kavideo nikilinyoosha. Haya nani anafata?

Mzee wa Karanga
Umegusa penyewe dada. Mi nipo Dodoma natengeneza siagi ya karanga na mama watoto, jikoni kwetu. Kwangu hela inavujia kwenye kopo. Watu wanapiga hesabu ya karanga na mashine ya kusagia wanasahau kopo, mfuniko, lebo, boksi. Zamani nilitumia ya kioo, yanapendeza kweli, lakini mzigo wa Dar unaenda na basi, kule kwenye buti unarushwa chini ya magunia ya vitunguu, ukifika stendi ya Magufuli mteja anafungua boksi anakuta mafuta na vipande. Nani alipe? Konda anasema alipokea boksi hakupokea kopo. Sasa ni plastiki tu, na kila oda ya mkoani lazima nipate namba ya basi na jina la konda kabla halijatoka.

Na wanaoingia kwenye karanga, uchambuzi ndo kila kitu. Iliyokunjamana, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, weka pembeni, hiyo ndo inaweza kuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na haiishi kwa kukaanga. 2016 watu walikufa huku Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, kwahiyo mi sichezi. Mama watoto anachambua kwenye ungo punje kwa punje, na hiyo kazi hakuna mteja anayekulipa. Kuhusu nembo ya ubora ya TBS, anzia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, watakuelekeza na kukupa barua, usiende kichwakichwa.

Mpitanjia
Hela ipo kwa wanaouza kozi za "jinsi ya kuuza onlaini". Nimekaa paleee 😂

Mama Tabata
😂😂 Mkuu hujakosea ila tuache wenye stori waseme.

Wa Kongowea
Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Mie niko Mombasa, nauza mitumba ya watoto. Huku kwetu belo likifunguliwa kuna kamera, zile nguo safi za juu, na kuna fagia, zile za mwisho za kufagiliwa. Mie sinunui belo zima, naenda soko la Kongowea alfajiri nachagua kamera pekee, bei iko juu lakini sibaki na fagia nyumbani. Mwenye belo atakwambia faida iko kwa belo, ni kweli, lakini yeye ana kibanda na wapita njia, wewe uko na kochi na simu.

Kilichonitesa ni kurudishiwa pesa. Mtu anatuma kwa M-Pesa namba ya kawaida, unaona meseji, unampa mtu wa tuktuk mzigo, nusu saa hivi mteja ametuma ile meseji kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa, kuwa alikosea namba, pesa inashikwa. Mzigo anao, pesa anaidai! Nikahamia Pochi la Biashara, ile huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, hapo mteja hawezi kurudisha pesa kiholela bila wewe kukubali.

Dada wa Seeb
Salaam. Mi nipo Oman, Muscat, nimeolewa huku, kwetu Unguja. Nafanya visheti, vileja na sambusa za kugandisha. Wateja wangu karibu wote ni Waswahili wa huku, bibi zao walitoka kwetu, kwahiyo si lazima nieleze visheti ni nini. Kuuza si tatizo, Ramadhani ikikaribia friza halitoshi. Tatizo ni kujuana. "Mwanangu nitakulipa mwisho wa mwezi", shangazi wa mume huyo, utamwambia nini? Nimemkabidhi mume wangu daftari la madeni, anadai yeye. Nikidai mimi mkwe naitwa mchoyo, akidai mtoto wao wanacheka wanalipa.

Fundi Simu
Niongezee la meseji feki kwa wa TZ. Mteja anakutumia skrinshoti ya muamala, au inaingia meseji kabisa imeandikwa umepokea kiasi fulani, maneno yote sawasawa mpaka namba ya muamala. Ukitazama juu imetoka namba ya mtu ya kawaida. Wengi wanatapeliwa jioni wakiwa na haraka, boda kashawasha pikipiki. Usitoe mzigo kwa kusoma meseji, ingia kwenye menyu angalia salio, basi.

Binti wa Kimara
Jamani mi naogopa TRA, watu wa kodi, ndo kwanza nataka kuanza kuuza ubuyu na achari. Lazima TIN, ile namba ya mlipakodi?

Mzee wa Karanga
Chukua tu, TIN ni bure, asikudanganye kishoka. Na mauzo ya mwaka yasipozidi milioni 4 kodi ya mapato ni sifuri. Ila soma vizuri, ni mauzo siyo faida, ukigawa ni kama laki tatu na thelathini kwa mwezi, ubuyu ukikubali unavuka bila kujua. Andika kila unachouza, ukivuka bila kumbukumbu unakadiriwa na makadirio hayana huruma.

Binti wa Kimara
Asante baba. Sasa achari ikivuja kwenye boda je? Nimejaribu kumpelekea rafiki yangu Sinza ikamwagikia daftari zake zote za chuo.

Mama Tabata
Ziba mdomo wa kopo na mfuko wa nailoni kabla ya mfuniko, alafu kopo liingie kwenye mfuko mwingine ufunge fundo. Na usimpe boda aning'inize kwenye usukani, iende kwenye boksi la nyuma, asiyekuwa na boksi mwache aende.

Binti wa Kimara
Sawa mama. Mwenye boda mwaminifu wa Kimara mwenye boksi anitumie namba inboksi.