Naomba ushauri: mume anapona kiharusi, mama mkwe anataka kumpeleka kijijini

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuuguza mwenza nyumbani.

Mume wangu (46) alipata kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia ulilegea wote na kauli ikakata. Anaelewa kila unachomwambia, ila kujibu ndiyo kazi. Namshukuru Mungu sasa anatembea kwa fimbo, na juzi amefunga kifungo cha shati kwa mkono ule ule wa kulia. Dawa za presha anameza kila siku, na mazoezi ya viungo tunahudhuria hospitali ya mkoa.

Kinachonitatiza ni hasira. Akikosa neno anapiga meza, kisha analia. Mtoto wetu wa mwisho, miaka 7, siku hizi anakula jikoni, hataki kukaa na baba yake. Nimemweleza kwamba ni ugonjwa. Pia nilitengeneza daftari la picha ili baba aonyeshe anachotaka: maji, choo, kulala. Linasaidia, ila wageni wakiwepo hataki hata kulishika.

Mama mkwe naye anataka mwanawe apelekwe kijijini akachuliwe na mtaalamu wa huko. Ni mama mwema na anatusaidia sana, lakini huko mazoezi hakuna na nahofia dawa zitaachwa.

Mliwasaidiaje watoto kumzoea tena baba yao? Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima, ilhali mume hawezi kujisemea?