Siku tatu Houten, Uholanzi: kuna cha kutembelea?

Tabata_Segerea: Habari za humu, wadau. Mimi na mama mdogo tunaondoka Dar mwezi wa nne kumtembelea dada anayeishi Houten, karibu na Utrecht. Mchana anakuwa kazini, kwa hiyo siku tatu tutakuwa wenyewe. Kila tunayemuuliza anasema huo ni mji wa kulala tu, twende Amsterdam. Ni kweli? Na bila gari tutafikaje mashambani? Mama mdogo mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa msichana.

Njia_Nyekundu: Karibu dada. Si kweli hata kidogo. Houten kinachotazamwa ni mji wenyewe. Miaka ya 1970 mpangaji miji Rob Derks aliupanga hivi: barabara ya magari inauzunguka mji kama pete, na kila mtaa unaingiliwa kutoka kwenye pete hiyo. Gari likitaka kwenda mtaa wa pili sharti litoke, lizunguke, liingie upya. Baiskeli inakata katikati. Simameni karibu na kituo cha treni asubuhi watoto wakienda shule, mtaelewa kwa nini mji huu ulichaguliwa mji wa baiskeli wa Uholanzi mwaka 2008 na tena 2018. Maegesho ya baiskeli yako chini ya reli kabisa.

Kutoka Utrecht Centraal ni kama dakika kumi kwa treni. Mnagusa kadi ya benki mkiingia na mkitoka, ila kila mtu na kadi yake. Moja haibebi watu wawili. Kosa la wageni wengi ni kuingia kwa kadi ya plastiki na kutoka kwa kadi hiyohiyo iliyo kwenye simu. Mashine inazihesabu kuwa kadi mbili, hivyo safari inaonekana haijafungwa na mnakatwa zaidi.

Fundi_Spoku: Kuhusu baiskeli: zile za njano na bluu za vituoni zinataka kadi binafsi ya usafiri ya Uholanzi, msizitegemee. Kodini dukani.

Kabla ya kulipa, mama mdogo akae kwenye siti; vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Baiskeli za kule ni ndefu. Kisha aulize breki. Nyingi hazina breki ya nyuma mkononi: unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Aliyezoea kurudisha pedeli nyuma ili ajiweke sawa atasimama ghafla na kuanguka. Afanye mazoezi dakika ishirini mahali pasipo watu.

Wanapita kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza. Kule anza kushoto. Pembetatu nyeupe zilizochorwa chini, ncha zikikuelekea, maana yake wewe ndiye unayesubiri.

Tabata_Segerea: Asanteni sana. Na mashambani sasa?

Njia_Nyekundu: Fuateni vibao vya namba vya makutano ya njia za baiskeli. Andikeni namba kwenye karatasi kwa mpangilio, hamhitaji ramani ya simu.

Siku ya kwanza fupi: Fort bij Vechten, kama kilomita tano kaskazini. Kuna jumba la makumbusho la ule mfumo wa kujihami kwa maji. Waholanzi walikuwa wakifurikisha mashamba, maji yafike magotini tu: mengi mno kwa askari na mkokoteni, machache mno kwa mashua. Jirani yake palikuwa na ngome ya Warumi, Fectio.

Siku ya pili kusini, kupitia Schalkwijk hadi tuta la mto Lek. Pandeni juu ya tuta mtazame pande zote mbili, mto ukijaa maji yake yanakuwa juu kuliko mashamba. Fort Honswijk iko hapohapo, na kivuko cha Culemborg kinapakia baiskeli.

Ya tatu ndefu, Wijk bij Duurstede, kama kilomita kumi na tano kwenda. Kinu cha upepo kimejengwa juu ya lango la mji na barabara inapita chini yake. Wengi hudhani ndicho alichochora Ruisdael, yule mchoraji wa Kiholanzi wa zamani. Hapana, cha kwenye picha kilikuwa kingine mjini humo.

Fundi_Spoku: Siku hiyo mama mdogo akodi ya umeme. Upepo hutoka sana kusini-magharibi, na juu ya tuta hakuna mti wa kuuzuia. Asubuhi ya mwezi wa nne vidole vinaganda kwenye usukani, kwa hiyo glavu ni lazima.

Tabata_Segerea: Glavu nanunua wiki hii. Namba za vibao nitamwomba dada aniandikie.