Wakuu, ni mimi nimekua au muvi za masupahiro zimeisha utamu?

mzee_wa_rimoti

Habari zenu wakuu. Hili jambo linanikaa kichwani muda sasa acha nilitoe mnisaidie. Masupahiro nimeyapenda tangu mdogo, nimeanza na Spider-Man zile za Tobey Maguire, ikaja Iron Man ya 2008 nikazama mzima mzima, nikafuata zote za Marvel Studios mpaka Avengers: Endgame 2019, yaani muvi 22 na hakuna niliyoiruka, hata zile Thor mbili za mwanzo ambazo watu wanazisema vibaya mimi nilizimaliza. Endgame ina saa tatu na dakika moja na sikuinuka hata kwenda msalani.

Sasa hivi nikiweka muvi mpya au sirizi mpya, dakika ya arobaini nashangaa nimeshashika simu. Siyo kwamba ni mbovu, picha kali, waigizaji wanajua kazi, ila sishtuki tena. Mtu anatupwa kwenye ghorofa, ghorofa linaporomoka, anainuka anajikung'uta vumbi anatoa utani, twende. Mtu akifa nasubiri tu arudi. Loki, ndugu yake Thor, tumemzika mara tatu. Gamora alivyotupwa kule jabalini na baba yake wa kulea, yule adui Thanos, kwenye Infinity War nililia kabisa, kwenye Endgame wakatuletea Gamora mwingine kutoka mwaka 2014, haya, yale machozi yangu nayapeleka wapi?

Juzi nikarudia Spider-Man 2 ya 2004 makusudi, nilitaka kujua kama shida ni mimi. Kile kipande cha treni wakuu. Breki hazipo, barakoa kaivua, anarusha utando kwenye majengo huku na huku, nguo inachanika kifuani, uso wote umekunjamana anapiga kelele kama anararuka katikati, na treni inakuja kusimama reli imeishia. Halafu anazimia, anaanza kudondoka kwa mbele, mikono inatoka ndani inamdaka. Abiria wanampitisha juu ya vichwa vyao taratibu mpaka wanamlaza chini, wanamwangalia usoni wanaona kumbe ni kijana mdogo tu. Watoto wawili wanamrudishia barakoa yake na kumwahidi hawatamwambia mtu. Nimeiona zaidi ya mara kumi na bado koo lilinikaba.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, zamani nguvu zilikuwa zinamgharimu mwenyewe. Peter, ndiye Spider-Man mwenyewe, kwenye ile muvi anafukuzwa kazi kwa kuchelewa, kodi anadaiwa, anafika kwenye tamthilia ya Mary Jane anayempenda mlango umeshafungwa, yaani kuokoa watu kunamfilisi. Hawa wa sasa wanalipa nini? Nawasikiliza.

---

nahodha_wa_zamu

Siyo wewe mkuu, na umegusa penyewe. Mimi nina kipimo kimoja tu, stelingi anachoka au hachoki? Basi.

Nenda sirizi ya Daredevil ya 2015, sizoni ya kwanza episodi ya pili, dakika za mwisho. Jamaa episodi nzima ni mgonjwa, kaokotwa kwenye jalala kavunjika mbavu, nesi ndiye kamshona. Na hali hiyo hiyo anaenda kumtoa mtoto aliyetekwa. Kamera inakaa kwenye korido moja nyembamba na imetengenezwa uone kama haikatwi, inasogea mbele inarudi nyuma, wakati mwingine ngumi zinapigwa ndani ya chumba wewe unaona mlango tu. Na kinachoniua mimi siyo ngumi, ni pale anapoegemea ukuta. Anapiga, anaegemea, anavuta pumzi, wale aliowaangusha wanaanza kuinuka tena kwa sababu na wao ni watu na ngumi moja hailazi mtu, inabidi awarudie. Akimaliza anambeba yule mtoto anatoka naye anayumba. Hakuna dunia iliyookolewa pale, ni mtoto mmoja anarudi kwa baba yake, na nilisimama kwenye kiti.

Halafu adui wake, Kingpin wa Vincent D'Onofrio. Lile jitu linaloweza kumuua mtu kwa mlango wa gari ndilo hilo hilo linashindwa kuongea vizuri mbele ya mwanamke anayempenda. Niliwahi kumwonea huruma nikajishtukia.

---

binti_katuni

Kaka zangu mimi nakataa kidogo. Tatizo siyo kufufuka wala kutochoka, tatizo ni utitiri. Hebu hesabuni 2021 peke yake: WandaVision, Falcon and the Winter Soldier, Loki, What If, Hawkeye, hizo sirizi tano, ongeza Black Widow, Shang-Chi, Eternals na Spider-Man No Way Home. Vitu tisa ndani ya mwaka mmoja na vyote vinataka ukumbuke vyote! Ilifika mahali nakaa kuangalia muvi kama nimekaa kwenye mtihani. The Marvels ya 2023 ili uijue vizuri inabidi uwe umeona Captain Marvel, WandaVision na Ms. Marvel, sasa mtu wa kawaida aliyetoka zake kazini anataka apumzike ataanzia wapi? Ikaingiza dola milioni 200 na kidogo dunia nzima, ndiyo ya mwisho kabisa kwa muvi zote za Marvel Studios. Hata Bob Iger, aliyekuwa mkubwa wa Disney wakati huo, alikuja kukiri kwamba wingi uliharibu, na 2024 akasema watashuka mpaka sirizi mbili hivi kwa mwaka na muvi zisizozidi tatu.

Lakini kuhusu kufufuka mzee wa rimoti umeionea WandaVision. Vision kafa mara mbili kwenye Infinity War, mara ya kwanza mpenzi wake Wanda mwenyewe kamuua kwa mkono wake akilia, Thanos akarudisha muda nyuma akamuua tena mbele yake. Halafu sirizi inaanza rangi nyeusi na nyeupe, Vision yupo hai, wanachekeshana jikoni kama vipindi vya zamani, na wewe unayeangalia unajua kuna kitu hakiko sawa. Huyu mwanamke kashindwa kuzika, kaufunika mji mzima kwa uchawi wake ili asizike. Na mwishoni inabidi auvunje, ukuta mwekundu unasogea kwenye nyumba, anawalaza watoto, anazima taa, anabaki na mumewe sebuleni wanaagana wakijua. Hapo mtu karudishwa kutoka kwa wafu na ikauma kuliko angebaki amekufa. Nilipoteza mama mwaka ule, sitaki kusema sana ila ile sebule naijua.

---

mzee_wa_rimoti

Dada pole sana kwa mama. Na kweli WandaVision niliisahau, pale umenifunga goli.

---

kanda_mbili

Salaam. Niwarudishe nyuma maana naona mnaisifia zamani kuliko ilivyokuwa. Superman ya 1978, Christopher Reeve, ambayo ndiyo mama wa hizi zote, inaishaje? Lois anafukiwa na udongo ndani ya gari anakufa, Superman anaizunguka dunia mpaka muda unarudi nyuma, Lois mzima, tumemaliza. Kwa hiyo stelingi kuponyoka na bibie kufufuka havijaanza na Marvel. Kile kilio lakini! Anamtoa garini, anamlaza chini polepole, uso unamgeuka, anapiga ukelele mmoja halafu anaruka. Reeve anakufanya uamini kwamba kwa dakika ile mtu mwenye nguvu zote hana la kufanya. Muvi za sasa zinaruka dakika ile, zinawahi kwenye kurudisha, wakati utamu wote uko kwenye ile dakika.

Mimi bora yangu ni Logan ya 2017, ile ya Wolverine, jamaa wa kucha za chuma ambaye zamani kidonda kilikuwa kinapona hapo hapo. Mwili hauponi tena, kucha moja haitoki mpaka aivute kwa mkono, mzee Charles, kiongozi wao wa X-Men, amechanganyikiwa anapewa dawa kwenye tangi lililoanguka, yaani mashujaa wamezeeka wanauguzana. Mwishoni binti yake anaung'oa msalaba juu ya kaburi la Logan anaulaza upande unakuwa herufi X, ile ya X-Men. Basi. Walivyoanza Deadpool & Wolverine 2024 kwa kulifukua lile kaburi nilizima, nikarudi baada ya wiki. Watu wengi waliifurahia na iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, sibishani nao, ila mimi lile kaburi nilikuwa nimeliheshimu.

---

afsa_wa_popo

@kanda_mbili hapo kwenye kaburi tuko pamoja.

Naongezea ambaye hawakumrudisha. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa yaani Black Panther, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, wangeweza kabisa kuweka mtu mwingine avae lile vazi, wakaamua T'Challa naye afe. Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 ile nembo ya Marvel pale mwanzo ambayo siku zote inakuja na muziki wa kishindo na sura za mashujaa wote, safari hii ni sura za Boseman peke yake, na hakuna muziki. Ukumbi mzima hakuna aliyekohoa. Baada ya hapo muvi ina mapungufu yake, ndefu, vita ya mwisho sikuielewa vizuri nani anataka nini, lakini Angela Bassett akiwa anaomboleza pale kwenye kiti cha enzi huwezi kushika simu mzee wa rimoti, nakuapia.

Na ile ya kwanza ya 2018 nguvu yake ilikuwa Killmonger. Adui mwenye hoja. Nilitoka ndani nabishana na rafiki yangu nani alikuwa sahihi, tukabishana njia nzima. Muvi ngapi za masupahiro zimekufanya ubishane juu ya hoja na siyo juu ya nani angempiga nani?

---

nahodha_wa_zamu

Kuna upande hatujaugusa, hao raia wanaoangukiwa na magorofa. The Boys ya 2019 episodi ya kwanza, Hughie amesimama na mpenzi wake wanaongea wameshikana mikono, A-Train, supahiro wa mbio, anapita kwa kasi anampitia yule mpenzi, na Hughie anabaki ameishika ile mikono. Mikono tu. Sirizi nzima inaanzia hapo, mtu wa kawaida anadai haki kwa watu wanaoruka. Baadaye ikawa na matapishi na damu mpaka nikaona wanatafuta kushtua tu, sizoni za mbele kuna episodi niliruka, ila ile sekunde ya mikono imefanya kazi kuliko miji yote iliyobomolewa kwenye muvi kubwa.

---

mzee_wa_rimoti

Wakuu nawashukuru, nimesoma zote mara mbili. Nabadilisha kauli yangu kidogo. Nilisema tatizo ni watu kurudi kutoka kwa wafu, binti_katuni na kanda_mbili mmenionyesha kwamba mtu anaweza kurudi na bado ikauma, mradi muvi ikupe muda wa kukaa na ule msiba kabla haijaugeuza. Gamora sikupewa huo muda, ndiyo maana bado nina kinyongo. Na hapo hapo utitiri unaingia, maana ukiwa na vitu tisa kwa mwaka huna muda wa kukaa na msiba wa mtu, kinachofuata kinagonga mlango.

Logan nairudia wikiendi hii. Swali la mwisho, kuna mtu kanisifia The Penguin ya 2024 ile ya Colin Farrell, episodi nane. Naweza kuianza bila kuona The Batman ya 2022 au nitapotea? Na Batman mwenyewe yumo?

---

binti_katuni

Batman hayumo kaka, usimsubiri. Ni Oz, ndiye Penguin mwenyewe, na Sofia Falcone tu na watu wao wanaotafunana, na Cristin Milioti anayeigiza Sofia alichukua Emmy kwa kazi ile. Ila usiruke muvi, sirizi inaanza wiki moja tu baada ya mafuriko ya mwisho wa muvi, ukishaona yale maji yanavyoingia mjini ndiyo utaelewa kwa nini mtaa wa yule kijana Victor haupo tena. Muvi inakaribia saa tatu, gawa usiku mbili. Halafu episodi ya nne ya sirizi iangalie ukiwa umetulia peke yako, ni ya Sofia mwanzo mwisho. Ukiimaliza rudi hapa tuongee.